Nguo Nyeupe za Kazi: Sabuni Kwanza, Suuza Vizuri, Jik Mwisho

Jumamosi asubuhi, ukipita Buruburu kutoka Fezi ya Kwanza hadi ya Tano, kamba za nguo zitakueleza wakazi wanafanya kazi gani. Koti la muuza nyama limeanikwa jirani na sare ya muuguzi. Aproni ya mpishi iko kando ya shati la mhudumu wa hoteli na koti la mwanafunzi wa maabara. Zote ni nyeupe, na zote zinatakiwa kuwa nyeupe tena Jumatatu alfajiri, mwenyewe anapokimbilia matatu.

Weupe huo una sababu yake. Kwenye nguo nyeupe uchafu hauna pa kujificha. Mgonjwa anayehudumiwa na mteja anayepimiwa nyama huangalia koti kabla ya kuangalia kitu kingine, na afisa wa afya ya umma anayekagua bucha au hoteli hufanya hivyo pia. Kwa hiyo koti lililofifia au kugeuka manjano humpa mvaaji wasiwasi, na wengi wetu tukiingiwa na wasiwasi huo tunakimbilia chupa ya Jik.

Mimi pia nilikimbilia chupa hiyo. Usiku wa kuamkia hafla ya kikazi niliiloweka shati jipya jeupe kwenye beseni, nikamimina Jik kwa kukadiria, nikalala. Mama anayetufulia alipokuja asubuhi nilikuwa nimeshasahau. Nilipoona shati kwenye kamba limekuwa na rangi ya manjano nikamwambia, "Mama, umeniharibia shati." Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, nimelikuta hivyo kwenye beseni. Uliliweka saa ngapi?" Kisha akageuza ukosi na kunionyesha lebo. Ilikuwa na pembetatu yenye alama ya mkasi, maana yake kitambaa hicho hakitakiwi kutiwa dawa yoyote ya kung'arisha. Nilikuwa karibu kumkata malipo kwa kosa langu mwenyewe.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuepuka hasara hiyo. Jambo kuu ni moja: Jik haiondoi uchafu. Kinachoondoa uchafu ni sabuni, maji na muda. Jik hufifisha rangi ya doa lililobaki, basi. Ukiitumia badala ya kufua, uchafu unabaki ndani ya nyuzi na nyuzi zenyewe zinaanza kuoza.

KWA NINI NGUO NYEUPE HUFIFIA

Kuna sababu nne ambazo hukutana mara nyingi katika nyumba zetu.

Ya kwanza ni jasho na mafuta ya mwili. Hujificha kwenye ukosi, kwapa na ncha za mikono. Mwanzoni hayaonekani, lakini baada ya kupigwa pasi na kukaa kabatini hugeuka manjano. Dawa nyingi za kuzuia jasho zina chumvi za alumini, nazo zikikutana na jasho huongeza umanjano wa kwapa.

Ya pili ni mabaki ya sabuni. Sehemu kubwa ya maji ya mfereji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na mengine Sasumua na Ruiru, maji ya mito ya milima ya Aberdare. Ni maji laini, na sabuni hutoa povu upesi ndani yake. Tunadhani povu jingi ndiyo kufua vizuri, tunaongeza unga wa sabuni, halafu kwa sababu ya mgao wa maji tunasuuza mara moja tu. Sabuni inayobaki kwenye kitambaa hushika vumbi, na baada ya majuma machache nguo inakuwa ya kijivu.

Ya tatu ni madini ya chuma. Mfereji ukikauka tunanunua maji ya kisima kutoka kwa lori au mkokoteni. Baadhi ya visima vina chuma kilichoyeyuka ambacho huwezi kukiona maji yakiwa kwenye mtungi. Ukitia Jik kwenye maji hayo, chuma hugeuka kutu papo hapo na kutua kwenye nguo. Ndiyo maana mtu anaweza kuloweka shati jeupe na kulitoa likiwa na mabaka ya kahawia. Waya wa kuanikia wenye kutu hufanya uharibifu kama huo.

Ya nne ni Jik yenyewe. Ikizidi, hula nyuzi za pamba na nguo hupasuka kwa kuvutwa kidogo. Kwenye sufu, hariri na vitambaa vinavyovutika huacha umanjano usiotoka tena.

SOMA LEBO KABLA YA KUFUNGUA CHUPA

Sare nyingi siku hizi si pamba tupu, bali mchanganyiko wa pamba na poliesta, na nyingine zina nyuzi za kuvutika. Lebo iliyoshonwa ndani ya ukosi au ubavuni inaeleza kila kitu kwa picha.

Pembetatu tupu: dawa yoyote ya kung'arisha inaruhusiwa, hata yenye klorini kama Jik.

Pembetatu yenye mistari miwili ya mshazari ndani: tumia dawa ya oksijeni pekee, usitie Jik.

Pembetatu yenye alama ya mkasi: usitie dawa yoyote ya kung'arisha.

Beseni lenye namba: hicho ni kiwango cha juu cha joto la maji, kwa mfano nyuzi 40 au 60.

Pasi yenye nukta: nukta moja ni joto la chini, mbili ni la kati, tatu ni la juu.

Kama lebo imekatwa au kufutika, ichukulie nguo hiyo kuwa dhaifu. Itumie maji ya vuguvugu, sabuni, na dawa ya oksijeni ukihitaji. Angalia pia nembo ya kazini, mistari ya rangi na vifungo. Jik ikigusa nembo ya buluu, rangi yake hairudi.

KUFUA MAKOTI MATATU KWA MITUNGI MITATU

Tunajua maji hayapatikani kila siku. Huu hapa mpango wa makoti matatu kwa mitungi mitatu ya lita 20.

Mtungi wa kwanza ni wa kufua. Chukua lita 5 za maji baridi ufulie madoa kwanza, hasa ya damu, maziwa na mayai. Damu isiguswe na maji moto, kwa sababu joto huigandisha ndani ya nyuzi na haitoki tena. Paka sabuni ya kipande kwenye ukosi, kwapa na ncha za mikono, uache kwa dakika 15 hadi 30. Lita 15 zilizobaki zipashe moto, utie sabuni kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, uloweke kwa nusu saa, kisha ufikiche. Pamba tupu huvumilia maji ya nyuzi 60. Mchanganyiko wa poliesta hutosheka na nyuzi 40, kama maji ya kuoga. Maji yakiwa moto sana geuza nguo kwa mti, usitie mkono. Tumia brashi laini, kwani brashi ngumu hukwaruza nyuzi na kuacha kitambaa kikinasa vumbi zaidi.

Mtungi wa pili ni wa kusuuza, na hapa ndipo tunapokosea. Kamua nguo vizuri kabla ya kuzisuuza. Suuza kwa lita 10, kamua tena, kisha suuza kwa lita 10 nyingine.

Pengine utauliza kwa nini usimimine lita 20 zote mara moja. Piga hesabu. Tuseme makoti yaliyokamuliwa yamebaki na lita 2 za maji ya sabuni. Ukiyatia kwenye lita 20, sabuni inapungua hadi sehemu 1 kati ya 11. Ukiyatia kwenye lita 10, inapungua hadi sehemu 1 kati ya 6. Ukikamua na kurudia kwa lita 10 nyingine, inafika sehemu 1 kati ya 36. Maji ni yale yale lita 20, lakini sabuni iliyobaki ni chini ya theluthi moja. Usipokamua, nguo hubeba maji mengi zaidi ya sabuni kwenda karai linalofuata na faida hiyo inapotea.

Mtungi wa tatu ni wa kumalizia. Siku ya kawaida suuza mara ya tatu kwa lita 10, na lita 10 zinazobaki weka akiba. Maji ya suuza ya mwisho ni karibu safi, yatumie kuosha baraza au kufulia matambara.

NI WAKATI GANI WA KUTUMIA JIK

Baada ya kufua na kusuuza, angalia nguo mchana mbele ya dirisha. Ikiwa nyeupe, kazi imekwisha. Ikiwa na doa au rangi iliyobaki, na lebo inaruhusu, ndipo utumie Jik.

Fuata kipimo cha chupa. Kama maandishi yamefutika, usizidishe vijiko 4 vya mezani kwa kila lita 5 za maji baridi, na usiache nguo humo zaidi ya dakika 10. Tia Jik kwenye maji kwanza, koroga, ndipo uingize nguo. Ukiimimina moja kwa moja juu ya kitambaa inatoboa. Maji moto hayafai kwa kazi hii: huongeza mvuke unaochoma macho na ukali unaokula nyuzi. Ukimaliza, suuza angalau mara mbili, kwa hiyo siku ya Jik jitayarishie nusu mtungi zaidi. Jik iliyobaki kwenye nguo hugeuka manjano pasi ikiipitia.

Nguo inayofuliwa vizuri kila juma haihitaji Jik kila juma.

Kwa mchanganyiko wa poliesta, umanjano wa kwapa na nguo zilizofifia, dawa ya oksijeni ya unga ni salama zaidi. Hufanya kazi polepole na huhitaji maji ya vuguvugu. Loweka kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi saa moja au zaidi.

Wazazi wetu walitia bluu kidogo kwenye maji ya mwisho. Bluu haisafishi. Inafunika umanjano ili jicho lione weupe, na haidhuru kitambaa. Iyeyushe kabisa kwanza, la sivyo itaacha madoa.

MADOA YENYE UKAIDI

Kutu: kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani kwa muda, kisha suuza kwa maji mengi. Usitie Jik, huzidisha kutu.

Mafuta ya jikoni: paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye doa kavu, acha dakika 15, kisha fua kwa maji ya vuguvugu.

Chai na kahawa: suuza upesi kwa maji baridi, kisha loweka kwenye dawa ya oksijeni.

Umanjano wa kwapa: changanya baking soda na maji kidogo iwe uji mzito, paka, acha nusu saa, kisha fua. Usitie Jik, jasho na klorini huongeza umanjano.

HATARI YA KUCHANGANYA DAWA

Tafadhali soma sehemu hii hata kama huna nguo nyeupe nyumbani.

Jik ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Asidi hiyo inaweza kuwa dawa ya kuoshea choo, siki au ndimu. Klorini ni gesi ile ile iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Jik ikikutana na amonia, inayopatikana katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo na pia katika mkojo, hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Kwa hiyo usitie Jik kwenye beseni la nepi au shuka zenye mkojo kabla ya kuzisuuza. Usimwage maji ya Jik kwenye choo kilichotiwa dawa. Na kama umetumia ndimu au siki kwenye doa, suuza mpaka harufu iishe kabla ya kufikiria Jik.

Bafu nyingi za nyumba zetu ni ndogo na dirisha lake ni jembamba. Fulia uani au kwenye baraza, au uache mlango na dirisha wazi. Ukisikia koo linawasha, macho yanachoma au kifua kinabana, toka nje mara moja na uwatoe watoto. Usirudi kumwaga mchanganyiko huo kabla hewa haijabadilika. Kama shida ya kupumua inaendelea, nenda hospitali au piga 999 au 112.

Jambo lingine ni Jik ya kupima inayouzwa kwenye chupa za soda na maji. Haina lebo, hujui ukali wake, na mtoto mwenye kiu haoni tofauti. Nunua iliyofungwa na yenye alama ya ubora ya KEBS. Unaweza kuhakikisha namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo kwa kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ukianza na herufi SM na alama ya #. Iache kwenye chupa yake, mbali na jua na mbali na watoto. Mtoto akiinywa, usimlazimishe kutapika. Msukutue mdomo kwa maji, mpeleke hospitali haraka na uibebe chupa.

KUANIKA NA KUPIGA PASI

Jua ni msaidizi wa bure. Pamba nyeupe ikiwa mbichi juani hung'aa zaidi. Igeuze ndani nje na uiondoe ikikauka, kwa sababu jua likizidi hudhoofisha nyuzi, na poliesta huweza kugeuka manjano. Pangusa kamba kwa kitambaa kibichi kabla ya kuanika, maana vumbi na moshi wa barabara ya Jogoo na ya Mumias hutua humo siku nzima. Tumia kamba ya plastiki au waya uliofunikwa, na vibanio visivyo na kutu.

Usipige pasi nguo yenye doa. Joto hulifunga. Pangusa pia uso wa pasi kabla ya kuanza na nguo nyeupe.

Kwa wanaofanya kazi hospitalini, maabara na buchani: beba sare chafu kwenye mfuko wake na uifue peke yake, isichanganywe na nguo za watoto wala vitambaa vya jikoni. Ukiweza, kuwa na sare mbili za kupokezana. Nguo inayopumzika siku moja haifuliwi usiku kwa haraka, na haraka ndiyo huleta Jik nyingi na suuza moja.

KWA WANAOFULIWA NGUO

Nyumba nyingi za Buruburu hufuliwa nguo na mama fua, wanawake wanaolipwa kwa siku au kwa mzigo. Yeye ndiye anayeinamia karai lenye Jik, na yeye ndiye hulaumiwa sare ikiharibika. Ukimwachia nguo nyeupe, mwachie pia vitu vinne: maelekezo ya lebo, kipimo cha Jik kama inahitajika, glavu za mpira, na mahali penye hewa. Mpe maji ya kutosha kusuuza mara tatu. Usimwambie "hakikisha zimeng'aa" ukaondoka na ukamwachia chupa isiyo na lebo.

Nguo ikiharibika, iangalieni lebo pamoja kabla ya kuzungumzia malipo. Nilipofanya hivyo nilikuta kosa ni langu, nikalipa siku yake yote. Lile shati limekuwa tambara la kupangusia pasi, na kila ninapolishika nakumbuka kugeuza ukosi na kutafuta pembetatu.